Kupiga hesabu ya nishati inayopotea kwenye spektra ya silikoni

Kijana wa chuo huku Tudor, Mombasa, aliniletea spektra ya silikoni, yaani mchoro wa nishati za elektroni zilizong'olewa na eksirei, iliyopimwa ng'ambo kwa miali ya Al Kα (1486.6 eV, yaani elektrovolti). Kilele cha Si 2p (elektroni za ngazi ya 2p za silikoni) kiko 99.4 eV, kizuri tu. Lakini karibu na 117 kuna kinundu, na programu ya mashine imekiandika "alumini". Al 2s, kilele cha alumini, hukaa 118, kwa hivyo hata fundi mzoefu hudanganyika. Lakini huenda ni elektroni za silikoni zenyewe zilizopoteza nishati njiani; tupige hesabu tuone.

Hatua ya 1. Pakia data kwenye Python. Nishati ya mfungo (inayoishikilia elektroni kwenye atomu) ianze ndogo ipande, nafasi sawa za 0.1 eV.

Hatua ya 2. Kadiria nishati ya plazmoni, mtikisiko wa pamoja wa elektroni za nje ambao huinyang'anya nishati elektroni inayotoka: 28.8 × √(msongamano × elektroni za nje ÷ uzito wa atomu). Silikoni: 28.8 × √(2.33 × 4 ÷ 28.09) = 16.6 eV. Jumlisha na 99.4, unapata 116.

Hatua ya 3. Chagua mlinganyo wa hasara, yaani wa nishati inayopotea. Ule wa Shirley, unaotumiwa na wengi, mimi siutaki, haujui plazmoni ni kitu gani. Chukua wa Tougaard wa vigezo vitatu: K(T) = B·T ÷ ((C − T²)² + D·T²), B = 132, C = 325, D = 96. T ni nishati iliyopotea, K ni uwezekano wa kuipoteza. Ule wake wa vigezo viwili, B = 2866 na C = 1643, una kilele butu penye 23 eV; waachie metali kama shaba.

Hatua ya 4. Konvolusheni (⊗), yaani kuisambaza hasara ya K kwenye kila pointi ya kilele. Hapa ndipo saa zinapoliwa. Kijana alitumia np.convolve ya Python kwa mode='same', na hasara ikatokea upande wa kushoto wa kilele, yaani elektroni imeongezewa nishati njiani! Sababu: 'same' hukata katikati ya jibu, na K yetu inaanzia T = 0. Safu za pointi 1001 husogea eV 50 nzima. Tumia 'full', kisha chukua pointi za mwanzo tu, idadi sawa na za F (kilele kitupu, bila hasara). Zidisha kwa 0.1, la sivyo hasara inakua mara kumi. Kabla ya yote jumlisha K yote mara 0.1: ikikosa kukaribia 1, kuna kigezo umekikosea. K yenyewe ianze sifuri ifike angalau 100 eV. Kisha rudia J = F + K⊗J (J ni spektra nzima, pamoja na hasara; anza na J = F) mpaka J itulie; marudio ndiyo yanayoleta hasara ya pili, karibu na 134, ambayo wengine huiita fosforasi.

Hatua ya 5. Chora J juu ya data. Halafu tazama 73 eV, makao ya Al 2p, kilele kingine ambacho alumini ya kweli ingekionyesha pia. Pakiwa patupu, futa lile neno "alumini" kwenye ripoti.