Kupima Usumaku kwa Almasi: Pimeni Pengo, Si Bonde

Wanafunzi wanaopita maabara yetu hapa Kampala huja wakidhani ugumu uko kwenye fizikia ya kwanta. Mimi ni fundi tu, lakini nawaambia: ugumu uko kwenye mwanga.

Tafuteni almasi ya kutengenezwa, yenye vituo vya NV (nitrogen-vacancy): atomu ya naitrojeni imechukua nafasi ya kaboni, na nafasi ya jirani yake iko tupu. Almasi ya pete haitufai. Mwenye pete analipia usafi, sisi tunalipia kasoro. Kipande cha milimita moja kinatosha. Kigandisheni kwenye kioo, na kando yake kabisa wekeni kitanzi cha waya wa shaba cha kuleta maikrowevu.

Vaeni miwani ya leza, hata aliyezoea. Kisha imulikeni almasi kwa leza ya kijani, nanomita 532. Itatoa mwanga mwekundu. Mbele ya fotodayodi, yaani kifaa cha kupima mwanga, wekeni kichujio cha kuzuia kijani, na hapa msiharakishe. Badiliko mnalolitafuta mara nyingi halizidi asilimia chache, kwa hiyo kijani kidogo kikivuja kitalimeza. Zimeni taa, funikeni vyote kwa boksi jeusi.

Pitisheni masafa ya maikrowevu polepole, gigahezi 2.80 hadi 2.94. Penye 2.87 wekundu hufifia. Kwenye skrini mstari wa mwanga hushuka: hilo ndilo bonde. Likionekana limepasuka kabla ya sumaku kuletwa, msishangilie: mara nyingi ni mkazo ndani ya fuwele. Uga wa sumaku wa dunia hapa kwetu ni mdogo, kama maikrotesla 34 hivi (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga).

Sasa leteni sumaku: uga wake hupasua bonde kuwa jozi. Vituo vimeelekea pande nne, kwa hiyo mnaweza kuona mabonde hadi manane. Izungusheni mpaka jozi ya nje iachane kadiri inavyoweza. Hapo uga umelala sambamba na mwelekeo mmoja. Pimeni pengo la masafa kati ya mabonde mawili ya jozi hiyo. Kila megahezi 56 ni militesla moja, basi pengo la megahezi 112 ni militesla 2.

Kuna wanaopima bonde moja na kulitoa kwenye 2.87. Kwangu hilo halipiti. Almasi ikipata joto, mabonde hushuka pamoja, karibu kilohezi 74 kwa kila digrii, na leza yenyewe inapasha. Bonde moja litawasomea joto la mchana chini ya mabati mkaliandika kuwa usumaku. Pengo hubaki vilevile.

Stuli ya chuma itoeni. Simu pia, maana spika yake ina sumaku. Ibaki mlangoni, pamoja na bisibisi zenu.