SOMO: Kuondoa notifikesheni na matangazo yanayojitokeza yenyewe kwenye simu na kompyuta, bila kuflashi

Wakuu salaam. Leo nataka tumalizane na hili suala la matangazo maana limekuwa kero na watu wanaliwa hela bure. Mtu simu yake inalia kila dakika, mara "Simu yako ina virusi 5", mara "Hongera umeshinda", mara kuna mrembo amemtumia picha, akienda kwa fundi anaambiwa simu imeingia virusi inatakiwa kuflashiwa, yaani kufutwa yote na kuwekewa mfumo upya, analipa, picha za watoto zinapotea, halafu baada ya muda kero inarudi vile vile kwa sababu ameingia tena kwenye site ile ile ya mpira. Inaniuma sana hii kitu kwa sababu kwa watu wengi kazi yenyewe haizidi dakika mbili na wala huhitaji bando.

Kabla ya kugusa chochote, jua una tatizo lipi, maana yapo mawili na watu wanayachanganya.

La kwanza ni notifikesheni za site. Umeingia mahali kushusha muvi au kuangalia mechi laivu, kinatokea kiboksi kina Allow na Block, na pale kwenye site wameandika kwa maandishi makubwa ubonyeze Allow kuthibitisha kwamba wewe sio roboti, au ili video ianze. Ni uongo mtupu, hakuna site inayohitaji ruhusa ya notifikesheni ili ikuoneshe video. Ukibonyeza umeipa ruhusa ikutumie ujumbe saa yoyote inayotaka, hata kama umeshaifunga, maana inaacha kijiprogramu kidogo ndani ya broza (programu unayofungulia site, kama Chrome) ambacho kinaendelea kupokea. Chrome walianza kuruhusu hii kitu mwaka 2015 kwa nia nzuri kabisa, gazeti likuletee habari mpya, barua pepe ikupe taarifa, ndipo matapeli nao wakaona mlango. Wenye hizo site wanalipwa kutokana na watu waliobonyeza Allow na wanaogusa matangazo, ndio maana wanakubana hivyo.

La pili ni programu yenyewe ya matangazo, yaani aplikesheni iliyoko ndani ya simu au programu kwenye kompyuta. Hii haihitaji broza. Uko kwenye skrini ya mwanzo hujafungua chochote, linatokea tangazo limejaa skrini nzima na kile kialama cha kufungia ni kadogo hata kidole hakikipati.

Kipimo chake ni hiki. Notifikesheni ikiingia usiiguse, vuta pazia la juu la simu uisome vizuri. Juu yake kabisa, kwa herufi ndogo, kuna jina la aliyeituma. Ukiona Chrome na pembeni yake anwani ya site, mara nyingi jina la ajabu ajabu lenye herufi na namba zisizo na maana, hilo ni tatizo la kwanza. Ukiona jina la aplikesheni nyingine, au tangazo lenyewe halina notifikesheni bali linajaa skrini, nenda sehemu ya pili.

SEHEMU YA KWANZA: notifikesheni za site

Kwenye simu ya Android, njia ya mkato ni kubonyeza na kushikilia ile notifikesheni yenyewe, au kuitanua, simu nyingi zenye Chrome mpya utaona neno Unsubscribe hapo hapo. Gusa, imekwisha kwa site hiyo. Ila ukishabonyeza Allow sehemu moja kuna uwezekano mkubwa zipo na zingine, kwa hiyo fanya kazi kamili:

1. Fungua Chrome, gusa vidoti vitatu juu kulia, ingia Settings.
2. Shuka mpaka Site settings, halafu Notifications. Kama simu yako iko kwa Kiswahili ni Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa.
3. Utaona orodha ya site zilizoruhusiwa. Pita moja moja. Usiyoitambua iguse uiwekee Block. Usione huruma, hakuna kitu kitakachoharibika.
4. Ukishamaliza, pale juu zima kabisa ruhusa ya site kukuomba notifikesheni. Hapa ndipo wengi wanaposahau, wanasafisha orodha lakini mlango wanauacha wazi.

Kufuta historia peke yake hakusaidii. Ruhusa haikai kwenye historia, inakaa kwenye setingi za site, ndio maana mtu anafuta kila kitu alichotembelea na bado ujumbe unaingia.

Kwenye kompyuta ni kitu kile kile. Chrome, andika chrome://settings/content/notifications kule juu unapoandikaga anwani, bonyeza Enter, ondoa site chafu na uchague kwamba hutaki site zikutumie. Edge ni edge://settings/content/notifications. Firefox ingia Settings, Privacy & Security, shuka mpaka Permissions, kwenye Notifications bonyeza Settings, futa zote na weka tiki kuzuia maombi mapya.

SEHEMU YA PILI: aplikesheni ya matangazo kwenye simu

Hapa inabidi umkamate mhusika. Tangazo likijaa skrini usikimbilie kulifunga. Bonyeza kile kitufe cha kuonesha aplikesheni zilizofunguliwa karibuni, ile alama ya mraba, au pandisha kidole kutoka chini na ukishikilie katikati. Utaona tangazo limekaa ndani ya kadi na juu ya kadi kuna ikoni. Hiyo ikoni ndiye mwizi wako. Ishikilie, gusa App info, kisha Uninstall. Saa nyingine ikoni ni nyeupe tupu haina jina, zipo zinazojificha hivyo makusudi, na zipo zinazojiita Settings au jina linalofanana na la Google ili uogope kuzifuta.

Kama hujaikamata, ingia Settings za simu, Apps, angalia orodha nzima mpaka mwisho kabisa. Tafuta zilizoingia karibu na siku kero ilipoanza. Washukiwa wangu wa siku zote ni tochi (simu ina tochi yake jamani), za kusafisha simu, za kuongeza chaji, za kuskani misimbo (QR na barcode), kibodi za urembo, na chochote kilichotumwa kwenye grupu kama faili la APK (faili la kuweka aplikesheni bila kupitia Play Store), hasa za mpira na zile WhatsApp zilizochezewa. Pita pia Special app access, fungua Display over other apps, kwenye Samsung inaitwa Appear on top, uone nani ana ruhusa ya kujitokeza juu ya aplikesheni nyingine. Tochi inataka ruhusa hiyo ya nini?

Ikigoma kufutika, yaani neno Uninstall limefifia, imejipa cheo cha msimamizi. Ingia Security, tafuta Device admin apps, mvue cheo, rudi ufute. Na kama matangazo yanakuja kwa kasi hata huwezi kugusa kitu, washa simu kwa Safe mode: shikilia kitufe cha kuwashia, ikija Power off ishikilie hiyo mpaka simu iulize kama unataka Safe mode, kubali. Humo aplikesheni ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi, kwa hiyo unafuta kwa utulivu. Ukiizima na kuiwasha inarudi kawaida.

Malizia na Play Store, gusa picha yako, Play Protect (mkaguzi wa aplikesheni wa Google), Scan. Kisha rudi kwenye Special app access, Install unknown apps, uzime zote.

Kompyuta kwa ufupi: bonyeza Windows na R, andika appwiz.cpl, panga kwa tarehe, ondoa usiyoijua. Chrome andika chrome://extensions, ondoa ekstensheni (vijiprogramu vya kuongezea kwenye broza) usizokumbuka kuweka. Kisha shusha AdwCleaner, programu ya kusaka programu za matangazo, kutoka site ya Malwarebytes wenyewe, ni bure na haihitaji kuwekwa, unaifungua tu inaskani. Masomo ya zamani yanayokuelekeza utumie kisafishaji cha ndani ya Chrome yaache, kile kilitolewa mwaka 2023.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi nina steshenari Morogoro, kompyuta wanatumia wateja. Kila siku pembeni chini inakuja kwamba McAfee, ile ya kuzuia virusi, imeisha nilipie, na sijawahi kuwa na McAfee. Nikisafisha kesho imerudi.

Jibu: Kaka hiyo sio McAfee, ni matapeli wanatumia jina lao. Usilipe na usiweke namba ya kadi popote. Inarudi kwa sababu mteja wako kila anayekuja anabonyeza Allow. Fanya ile hatua ya kuzuia site zote zisiombe kabisa, sio kuzifuta tu. Halafu wateja wafungulie dirisha la Guest, bonyeza ile picha ya profaili juu kulia utaliona. Wakilifunga, ruhusa walizotoa zinaondoka pamoja nalo, na pia barua pepe zao hazibaki wazi kwako, maana hilo nalo ni tatizo kubwa kwenye steshenari zetu.

Swali: Nina aplikesheni ya kuskani miaka mingi haijawahi kunisumbua, kwa nini unaiweka kwenye washukiwa?

Jibu: Kwa sababu apdeti moja inatosha. Mwisho wa mwaka 2020 kulikuwa na moja ya kuskani misimbo, ilikuwa Play Store, imewekwa zaidi ya mara milioni 10, watu wameizoea, ikaja apdeti ikaanza kuwafungulia matangazo kwenye broza. Google waliitoa lakini kuitoa dukani hakuifuti kwenye simu yako, unaifuta mwenyewe. Halafu kamera ya simu nyingi siku hizi inaskani bila kuongezewa kitu.

Swali: Dada yangu anatumia iPhone, kalenda inamwambia kila siku simu ina virusi. Somo lako halijagusa iPhone.

Jibu: Ni kweli, nashukuru umeuliza. Yeye alikubali kujiunga na kalenda ya watu bila kujua. Afungue Calendar, aguse Calendars chini, atafute ile asiyoijua, aguse alama ya i pembeni yake, ashuke chini kabisa Unsubscribe. Asiguse viungo vilivyomo ndani ya tukio. Notifikesheni za site kwenye iPhone ni ngumu kumpata, mpaka aiweke site yenyewe kwenye skrini ya mwanzo.

Swali: Niligusa tangazo nikaweka namba yangu ya simu, sasa salio linakatwa kila siku. Nimefuta kila kitu bado.

Jibu: Pole sana ndugu. Kufuta hakusaidii hapo, inaonekana umeunganishwa na huduma ya kulipia kwenye laini. Piga 100 mtandao wako, waambie wakuoneshe huduma zote ulizojiunga na wakuondoe. Na kama kuna SMS ya kitapeli imeingia baada ya hapo, kwa Tanzania itume kwenda 15040. PIN ya pesa kama uliiandika popote ibadilishe leo leo kabla hujamaliza kusoma hapa.

Swali: Nimerudisha simu kiwandani kabisa na matangazo yamerudi. Sasa hapo unasemaje?

Jibu: Mambo mawili. Ulipowasha upya ukakubali kurejesha aplikesheni za zamani, na mwizi akarudi kwenye orodha? Kama ndio, futa ile moja. Kama ulianza simu tupu kabisa hukurejesha chochote na bado yapo, basi imo kwenye mfumo wa simu, inawezekana ilikuja nayo. Mwaka 2019 na 2020 kulikuwa na kirusi kimoja cha Android kinaitwa xHelper, watu wanafomati kinarudi. Jaribu kwanza App info uiwekee Disable. Ikigoma, hapo ndipo mahali pekee ambapo nakubaliana na kuflashi, ila fundi atumie mfumo halisi wa kampuni ya simu hiyo na kwa modeli yako hasa, muulize ameutoa wapi, na picha zako uzihamishe mwenyewe kabla hujamkabidhi.