Prius yako ya zamani imewasha pembetatu nyekundu? Pitia hapa kabla hujanunua betri

Hii ni ya wenye Toyota Prius ZVW30, haibridi (inatumia injini pamoja na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa), ile ya 2009 mpaka 2015 yenye injini ya 1.8, manake ndizo nyingi na sasa zinazeeka zote kwa pamoja. Pembetatu nyekundu, ile taa ya onyo, ikiwaka tu kwenye dashibodi utaambiwa gereji "betri kubwa imekufa, tafuta hela". Saa zingine ni kweli, sikatai, lakini mara nyingi kuna kitu cha bei rahisi hakuna aliyekiangalia. Kwa hivyo sisi tunaanza na vya bei rahisi, tunapanda navyo pole pole.

Tafuta mita ya kupima volti, soketi namba 10 na 12, brashi laini, kile kidude cha OBD cha bluetooth (ELM327) kinachosoma kompyuta ya gari na simu yenye apu ya Dr. Prius au Hybrid Assistant. Halafu glavu za umeme zilizoandikwa volti 1000, si zile za mpira za kuoshea vyombo tafadhali.

Na kabla ya yote, nyaya za rangi ya machungwa hazishikwi. Betri kubwa ina volti 201.6 na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri utumike na mota, inazipandisha mpaka 650, hapo hakuna kujaribu bahati.

Hatua ya 1: betri ndogo ya volti 12

Iko ndani ya buti, kona ya kulia chini ya kifuniko cha sakafu. Gari hii haina stata wala altaneta, kazi ya betri ndogo ni kuamsha kompyuta tu, ndio maana ikichoka hutasikia ile kukukuku ya injini kukataa. Utaona vituko: taa zote zinawaka pamoja, skrini inazima na kuwaka, unabonyeza pawa na READY (neno la kwenye dashibodi kwamba gari iko tayari kwenda) haitokei. Watu wameuziwa betri kubwa kwa ajili ya hii.

Pima asubuhi gari ikiwa imelala. 12.4 kwenda juu iko sawa, chini ya 12 ichaji au ubadilishe. Halafu washa mpaka READY itokee upime tena, sasa inafaa isome kama 14, ikibaki 12 na kitu basi haichajiwi na hilo ni suala lingine kabisa. Ukinunua mpya chukua aina ya AGM (ile ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mkeka, haimwagiki) yenye tundu la kupitisha gesi na urudishie kile kipaipu chake, kwa sababu betri iko ndani ya gari pamoja na wewe.

Kuna mtego hapa, mlango wa buti unafunguka kwa umeme. Ukishachomoa betri ndogo usiufunge, la sivyo utaingia kwa mlango wa nyuma ulale kifudifudi kutafuta kishikio cha dharura cha kuufungua.

Hatua ya 2: soma namba za hitilafu, zote

Chomeka kidude chini ya usukani. P0A80 ndiyo inayotisha watu, inasema betri kubwa imechoka. P0A93 ni upoozaji wa inveta, haihusiani na betri kubwa hata kidogo: washa READY, fungua boneti, chungulia kwenye kichupa cha kulanti, yaani maji ya kupoozea, ya inveta (kiko peke yake, si kile cha injini). Maji yakiwa yanachezacheza pampu inafanya kazi, yakitulia kama ya mtungini basi pampu ndiyo mgonjwa na utakuwa umeokoa pesa nyingi. Ukiongeza, weka kulanti ya pinki ya Toyota, si maji ya bomba.

Usifute namba kabla hujaziandika. Kuna mafundi wanafuta kwanza halafu ndio wanakuuliza gari ilikuwa na shida gani.

Hatua ya 3: feni ya betri kubwa

Hapa ndipo nataka utulie. Betri kubwa inapozwa na hewa ya ndani ya gari, inavutwa kupitia kile kidirisha chenye matundu kwenye kona ya siti ya nyuma karibu na mlango. Sasa kama gari ni ya teksi fikiria wewe mwenyewe, abiria anakaa anaegemeza mkoba pale, mwingine anatupa leso, na vumbi la barabarani linaingia kutwa. Kwa joto la Mombasa betri inapikika polepole na hakuna taa itakayokuambia mapema.

Zima gari, ufunguo weka mbali. Chomoa hasi ya betri ndogo. Vaa glavu, chomoa ile plagi ya usalama yenye mpini wa machungwa iliyo upande wa betri kubwa, itie mfukoni mwako ili mtu asikurudishie ukiwa umeinama, kisha subiri dakika 10 inveta iishiwe na umeme. Ondoa plastiki za buti na ule mto wa pembeni mwa siti, utaona bomba la hewa na feni ya duara. Bolti zake ni namba 10. Itoe, uangalie visahani vyake: mara nyingi utakuta vumbi limekamatana na manyoya ya mazulia mpaka limekuwa kama kitambaa cha kijivu, hewa inapita kwa shida. Piga brashi kisahani kimoja kimoja, usipige kompresa feni ikizunguka ovyo, na maji usilete.

Ukirudisha plagi hakikisha mpini umesukumwa mpaka mwisho ukakaa kwenye loki. Ukiishia katikati gari haitaingia READY, na utaanza kulaumu kitu kingine.

Hatua ya 4: sasa ndio upime betri kubwa

Ina moduli 28, yaani vipande vya betri vilivyounganishwa, kompyuta inazisoma mbili mbili kwa hivyo kwenye apu utaona bloki 14. Tafuta mlima, ule wa kupanda Mazeras unatosha, mwenzako aendeshe wewe ushike simu. Akikanyaga mafuta volti za bloki zote zinashuka pamoja, hiyo ni kawaida. Bloki moja ikidondoka peke yake zaidi ya volti 1 kuliko wenzake, hiyo ndiyo mbovu. Angalia na joto la betri pia, likipita nyuzi 45 na feni huisikii rudi hatua ya 3.

Kama bloki zinarukaruka bila mpango huenda ni vile vibati vya shaba vinavyounganisha moduli vimeota kutu ya kijani, huku kwetu pwani chumvi haimwachi mtu. Kuvisafisha kunataka kufungua betri yenyewe, na hiyo kazi mpe mwenye mazoea. Ile ya kubadilisha moduli moja na kuacha 27 zilizochoka mimi siipendi, baada ya muda unarudi na nyingine.

Hatua ya 5: asubuhi inatetemeka?

Ikitikisika sekunde chache ikiwaka ya baridi halafu inatulia, na kulanti ya injini inapungua bila kuvuja chini, hapo sahau betri. Ni maji yanaingia kwenye silinda, gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na injini) imeanza kuachia. Kinachodhaniwa kuichosha ni hiki: kwenye injini hizi mfumo wa EGR, ule unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, unazibwa na masizi, kuanzia kipoozi chake mpaka vitundu vinne vidogo kwenye manifoldi ya hewa. Manifoldi unaweza kuitoa mwenyewe kwa soketi 10 na 12 ukavizibua kwa dawa ya kabureta na kijiti. Kipoozi kiko nyuma ya injini, kinasumbua vidole, ila ukisafisha manifoldi ukakiacha kimeziba hujafanya kitu. Na kama kulanti tayari inapungua, kusafisha hakurudishi gasketi, peleka hedi ikapimwe kabla hujaendesha tena safari ndefu.