SOMO: Sakarini chungu kwako, tamu kwa mwenzako. Jipime mwenyewe

Kila wiki naulizwa: "Mwalimu, mbona sukari ya vidonge ni chungu kwangu, mke wangu anaifurahia?" Naandika mara moja, tulimalize. Nafundisha baiolojia hapa Tabora.

1. Nunua vidonge vya sakarini, ndiyo hiyo sukari ya vidonge. Soma kikopo, vingine ni aspatemi, utamu bandia wa aina nyingine.
2. Usipige mswaki kwanza. Dawa ya meno huharibu ladha ya utamu.
3. Vikombe viwili vya maji: kimoja kijiko cha chai cha sukari, kingine kidonge KIMOJA.

Hapo kwenye kidonge kimoja niliharibu. Sakarini ni tamu kama mara 300 kuliko sukari. Mwaka wangu wa kwanza niliponda kikopo kizima, vidonge mia, kwenye glasi moja. Darasa zima likakunja uso, nikaandika ubaoni "wote: uchungu". Wakasukutua. Binti wa dawati la mbele akatazama ndani ya kikombe chake: "Mwalimu, haya maji umetia sukari?" Yalikuwa maji ya mtungi. Sakarini ikizidi hukizuia kipokezi cha utamu, yaani kile kinachohisi utamu kwenye seli za ulimi. Maji yakiiondoa, kipokezi kinaamka na mtu anasikia utamu. Nikafuta ubao. Msiongeze vidonge, na maji makali msimeze.

4. Onja sakarini, hesabu kumi, tema, andika. Sukutua, ngoja dakika mbili, onja sukari. Msiambizane kabla ya kuandika.

Sababu: kipokezi cha utamu ni protini mbili zilizoshikana, T1R2 na T1R3. Aspatemi hushika T1R2. Saiklameti, utamu bandia mwingine, hushika T1R3, kwenye sehemu iliyozama katika ukuta wa seli. Ndiyo maana badiliko dogo la jeni laweza kukunyima utamu wa kimoja, cha pili kikabaki. Uchungu wa sakarini unapita mlango mwingine, vipokezi vya uchungu kama TAS2R31, navyo hutofautiana mtu na mtu.

MASWALI

Kijana wa Isevya: Tunaweka vidonge vingapi?
— Hatua ya 3. Kwa herufi kubwa.

Mzee wa Ipuli: Kwa hiyo mke wangu ana kasoro ya ulimi?
— Sijasema hivyo, mzee wangu, wala kipimo hiki hakisemi. Ndimi zenu zinatofautiana, basi.

Mama Kulwa: Shikamoo Mwalimu. Paka wangu nimempa asali, hata hakulamba. Ni jeni pia?
— Marahaba mama, swali zuri sana. Ndiyo. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni ya T1R2 ya paka imepoteza herufi 247 za DNA, haifanyi kazi. Simba naye hivyo hivyo. Kuku hana kabisa jeni hiyo. Panya wa maabara anayo, ila aspatemi kwake si tamu. Na koo nyingine za panya hazivutiwi sana na sakarini kwa tofauti ya asidi amino (tofali la protini) moja tu kwenye T1R3.

Mama Kulwa: Mbona paka huyo huyo anamaliza maziwa?
— Anafuata mafuta na protini, mama. Asali mrudishie Kulwa.

Mrina asali: Mwalimu, ulimi unaweza kugundua asali iliyochanganywa sukari?
— Usiutegemee, ndugu yangu. Fruktosi na glukosi za asali hushika kipokezi kile kile cha sukari ya dukani. Nunua masega, kamua mwenyewe.