Oda za picha za rangi ya mafuta: panga kalenda kwa muda wa kukauka

Mchoraji wa Tingatinga, mtindo wa picha za wanyama zenye rangi kali, anayechelewesha oda mara nyingi si mvivu. Alihesabu saa za kushika brashi, akasahau saa za kukauka. Rangi ya mafuta ya kupakia milango, ambayo Edward Said Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, aliichorea Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, haina habari na haraka ya mteja. Kwa hiyo ratiba ianzie kwenye rangi.

Kwa kawaida rangi hii huacha kunata baada ya saa 4 hadi 6, lakini tabaka la pili lisubiri saa 16 hadi 24. Soma maelezo ya kopo lako, maana hutofautiana. Tina, yaani kimiminika cha kulainishia rangi, ikishapaa, kazi haijaisha: mafuta yaliyomo huvuta oksijeni ya hewani ndipo yakakaza. Ukipaka nene, juu hufanya ngozi inayozuia hewa, chini kunabaki kubichi, na tabaka linalofuata linakunjamana. Hapo huna dawa ila kukwangua na kuanza upya, na siku tatu zimekwenda. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, unyevu huchelewesha zaidi; ongeza nusu ya muda uliozoea.

Sasa hesabu kinyumenyume. Tuseme picha ya sentimita 60 kwa 60 inachukuliwa Jumamosi tarehe 28. Kufunga ni Ijumaa tarehe 27. Kabla ya hapo iachie siku tano kamili, tarehe 22 hadi 26, ikakaze. Picha iliyofungwa mbichi hugandana na karatasi na kubanduka. Vidoadoa na mistari myembamba viishe Jumamosi tarehe 21. Miili ya wanyama, Alhamisi tarehe 19. Usuli, yaani rangi ya nyuma ya wanyama, tabaka la pili, Jumanne tarehe 17. La kwanza, Jumatatu tarehe 16. Mteja basi awe amekubali mchoro wa penseli kufikia Jumamosi tarehe 14, na awe amelipa nusu ya bei. Bila malipo hayo oda isiingie kwenye kalenda, hata kama mteja ni jirani.

Jumlisha saa za brashi: usuli nusu saa mara mbili, miili saa 3, vidoadoa saa 4. Ni saa 8 za mkono ndani ya wiki mbili! Nafasi iliyobaki ndiyo riziki yako. Endesha picha tatu au nne kwa pamoja, kila moja ikiwa hatua yake: moja inakauka usuli, nyingine inapata miili, ya tatu inangoja kufungwa. Zaidi ya nne, nafasi ya kuanikia huisha, picha zikaanza kuegemezwa uso kwa uso, na huko ndiko zinakoharibikia.

Nyuma ya kila picha bandika kipande cha utepe, uandike tarehe na saa ya tabaka la mwisho. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya, hasa siku ambayo mteja anapiga simu mara tatu.

Asubuhi, saa 2 hadi saa 6, fanya vidoadoa, kwa kuwa mwanga ni mzuri na mkono haujachoka. Usuli upake jioni, baada ya saa 10, ukauke usiku. Ila hakikisha pana hewa na hapana vumbi wala wadudu wanaofuata taa. Ujumbe wa simu ujibu saa 6 na saa 11 tu.

Mteja akitaka twiga awe tembo baada ya rangi kuingia, usimjibu "sawa" papo hapo. Kufunika mwili na kuuchora upya ni angalau siku tatu za kukauka; mtajie tarehe mpya na nyongeza ya bei, akikubali ndipo ushike brashi.

Kwa mteja wa Ulaya, andika saa kwa mtindo wa 24. Ukimwandikia "saa 9" ukikusudia alasiri, ataelewa asubuhi. Andika 15:00 na uongeze kwamba ni saa za Afrika Mashariki. London iko nyuma yetu kwa saa 3 majira ya baridi na saa 2 majira ya joto, kwa hiyo mkutano uliozoeleka husogea saa nzima mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba.