Chupa za waini kuzungushia tuta la mboga, nilivyofanya mimi Uyole

Huku Mbeya mvua ikishaanza Novemba haina utani, kama bustani yako iko mteremkoni unaamka unakuta udongo wa tuta la chainizi umehamia kwa jirani. Nilianza na mbao, zikaoza, ndo nikahamia kwenye chupa.

Kwanza kukusanya. Za bia waachie wenye kreti, ile chupa ina hela yake ikirudi. Wewe tafuta za waini, baa nyingi wanazitupa tu, ongea na kijana wa kaunta akuwekee kwenye kiroba. Ziwe saizi moja lakini, ukichanganya ndefu na fupi tuta linakuwa kama meno ya babu. Chupa moja ina upana wa sm 7.5 hivi kwa hiyo mita moja inakula 13, tuta la mita 4 kwa 1 andaa kama 140, zingine zitapasuka.

Loweka kwenye maji ya sabuni usiku mzima, gundi ya lebo sugua na majivu.

Sasa mtaro, na hapa ndo wengi tunachemsha. Vuta kamba, chimba kina cha sm 20, chupa ina kama sm 30 kwa hiyo sm 10 tu ndo zinabaki juu, kitako kikiangalia mawinguni. Mimi mara ya kwanza nilifukia shingo tu ili zionekane vizuri, na kweli zilipendeza, mvua ya pili zote zimelala kama walevi wa mwisho wa mwezi.

Kabla ya kusimamisha jaza mchanga mkavu, chupa tupu ni nyepesi udongo ukilowa unaisukuma. Mdomoni ziba na donge la udongo mbichi la sivyo ukiigeuza mchanga wote unakumwagikia miguuni (usiulize nimejuaje). Maji usijaze, watu wa Makete mnaijua jalidi, maji yakiganda yanatanuka na chupa inapasuka.

Anzia kona ya chini, zibanane kabisa, kila ukifika chupa kumi rudishia udongo wa mfinyanzi wenye unyevu pande zote mbili ushindilie na mpini wa jembe. Iliyozidi kimo wekea kipande cha ubao juu ndo ugonge, nyundo moja kwa moja hapana. Upande wa chini ruka nafasi ya chupa moja uweke mawe, maji yapate pa kutokea.

Ndani acha kiganja kizima bila kupanda, palizi ya hapo ni ya mkono, maana jembe la mama watoto lilishanivunjia tatu asubuhi moja. Ikivunjika usivute na vidole, ng'oa na udongo wake kwa chepeo, watoto wanapita peku hapo.