Ukiwapeleka wanafunzi kaburini kwa Tom Mboya, Rusinga

Kutoka Kisumu kwenda kisiwa cha Rusinga, alikozikwa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, kuna njia mbili: ya barabara kupitia Homa Bay hadi Mbita, au kushuka Luanda K'Otieno mpande feri hadi Mbita. Nikipewa darasa la kutembeza, mimi huchagua feri. Ila fikeni mapema, maana haiwangoji, na watoto wenye njaa juani ni mtihani kwa mwalimu.

Mkifika Mbita, vukeni daraja mwingie Rusinga. Kaburi liko Kasawanga. Muulize mtu wa boda yeyote "kwa Tom Mboya", atakuelekeza. Njiani mtaona omena, yaani dagaa, wameanikwa kwenye nyavu chini. Waonye watoto mapema wasizikanyage, hiyo ni riziki ya watu.

Sasa, usiwaingize ndani mara moja. Wasimamishe nje waliangalie jengo, kisha waulize linafanana na nini. Watasema roketi, watasema mnara, na wewe nyamaza tu. Akipatikana wa kusema risasi, hapo ndipo uanze kusimulia: tarehe 5 Julai 1969, Nairobi, Mboya, waziri wa mipango ya uchumi, anatoka duka la dawa anapigwa risasi, akiwa na miaka 38. Barabara ile sasa ni Moi Avenue, na sanamu yake imesimama huko tangu 2011.

Simu zote zikusanye kabla ya mlango. Wakiwa nazo watapiga picha za nyuso zao na kaburi nyuma kama pambo. Badala yake mpe kila mmoja kazi: huyu anakili kwa mkono maandishi ya kaburini, yale yanayomwambia msomaji aende akapigane kama mtu huyu, ambaye vita vyake havijaisha, yule achague picha moja ukutani aieleze kwa sentensi tatu. Nao mlinzi wamsalimie kwa heshima kabla ya kumuuliza chochote.

Msisahau ndege za wanafunzi ambazo Mboya alisaidia kuziandaa. Ya kwanza, 1959, ilibeba vijana 81 kwenda kusoma Marekani. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Wasichana wangu husikiliza hapa kuliko penginepo, na maswali ya karo huanza papo hapo.

Chakula kuleni Mbita mkirudi, samaki na ugali. Ulizia saa ya feri ya mwisho kabla ya kuagiza, samaki wa kukaanga huchukua muda.